Nyanya Yako Alipobisha Hodi Mara ya Pili

Rashidiya, Dubai, jioni

Wakesho mwanangu,

Wewe na mama yako mmeteremka kwa Mama Kato kusukwa, na najua kichwa chako kitawakalisha huko mpaka giza liingie. Nimebaki na masanduku yako hapa mlangoni na meza ya jikoni ambayo leo, kwa mara ya kwanza wiki hii, haina nguo zako juu yake. Nimeona niitumie kabla hamjarudi.

Sitakuandikia habari za dawa, wala soksi za sufu, wala nakala za pasipoti. Hayo mama yako ameyasema yote, na pale kliniki anapofanya kazi, Oud Metha, amewauliza madaktari habari za milima mirefu mpaka wameanza kumkwepa. Mimi nataka kuzungumza nawe kuhusu Krismasi ile tuliyokaa Peru kwa shangazi yako. Kesho unarudi kule, si kutembea tena, ni kukaa. Ulikuwepo, uliona kila kitu, ila hukujua nilichokuwa nikiwaza. Niache nianze mwanzo, maana watu wa umri wangu hatujui kuanzia katikati.

Shangazi yako Mghoi alinifuata hapa Dubai ukiwa bado mdogo. Mimi nilikuwa mapokezi kwenye hoteli hii hii ya Al Barsha ninayofanyia kazi hadi leo, yeye akapata kazi ya kuhudumu mezani. Jikoni kulikuwa na mpishi kutoka Peru, kijana mpole, Julián, ambaye kila akimwona Mghoi alikuwa anasahau chumvi. Wageni walilalamika. Mimi ndiye niliyekuwa napokea malalamiko, na sikuelewa mpaka siku waliponiambia wanaoana. Walifunga ndoa kanisani, watu wachache, kisha wakahamia kwao Julián, Ollantaytambo, mji ule mdogo wenye magofu ya Wainka juu yake na chini yake.

Nyanya yako, huko Wundanyi, alipata habari kwa simu, ndoa ikiwa imekwisha kufungwa. Hakugomba. Alisema, "Haya, Mungu awabariki," akamrudishia jirani simu yake. Tangu siku hiyo yeye na Mghoi walisalimiana sikukuu kwa sikukuu, kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

Hilo lilinikera kwa miaka. Mimi ni kifungua mimba, na kwetu kazi ya Mwakio ni kupatanisha watu. Kwa hiyo hoteli ilipofunga upande mmoja kwa ukarabati na nikapewa likizo ya Desemba, jambo ambalo halikuwahi kunitokea tangu nifike nchi hii, nikaona Mungu amenifungulia njia. Nikampigia Mghoi. Nikamwambia, "Mama amelainika. Anataka kuja mwenyewe akwambie yamekwisha." Kisha nikampigia mama yangu. Nikamwambia, "Mghoi halali. Anataka akupigie magoti, ila anaona aibu kwenye simu."

Hakuna aliyenituma, mwanangu. Hakuna aliyesema hata neno moja kati ya hayo. Lakini hotelini ndivyo tunavyofanya. Mgeni wa chumba hiki akigombana na wa chumba kile kwa ajili ya kelele, unamwambia kila mmoja kwamba mwenzake ameomba radhi, unapeleka sahani ya matunda, khalas, yamekwisha. Asubuhi wote wanaondoka. Nilisahau kwamba ndugu hawaondoki.

Mama yako alikosa likizo, na pengine ni heri, maana angeninusa mapema. Nyanya akaja kwetu hapa kwanza, akalala chumbani kwako, akahesabu ndege zinazopita juu ya paa mpaka akachoka. Tulimpeleka kwenye yale maduka makubwa ya Al Barsha akaone theluji ya mashine kupitia kioo. Aliwatazama watu wakiteleza, akauliza kama wamelipa. Ulipomwambia ndiyo, alitikisa kichwa mpaka kituo cha metro.

Kisha tukaruka. Sitaisimulia safari ile, wewe ndiye uliyembeba nyanya yako kutoka ndege hadi ndege, na Kihispania chako cha kujifunzia kwenye simu ndicho kilichotuvusha kila dirisha. Mimi nilibeba faili ya ratiba. Nilikuwa nimepanga kila siku ya ziara ile: nani aamke lini, nani aketi karibu na nani kwenye gari, magofu gani siku gani. Nilikuwa nimepanga hata siku ya msamaha.

Unakumbuka tulivyofika. Mama Eusebia, mama yake Julián, mlangoni na kofia yake, na nyumba imejaa, kwa sababu ndugu zake Julián nao walikuwa wamekuja na watoto kwa sikukuu. Magodoro yalitandikwa hadi chini ya ngazi. Niligusa ukuta wa sebule, Julián akaniambia mawe yale ya chini yalipangwa na Wainka wenyewe, na ya juu yalipangwa na babu yake, akacheka, akasema ukitaka kujua yapi ni ya nani, subiri tetemeko. Mimi nilidhani tumekwenda kutazama mahame. Kumbe tulikuwa tumelala ndani yake, na kulikuwa na mtu anakaanga vitunguu.

Lakini mle ndani nyanya yako alikaa kwenye kiti, mikono mapajani, akisubiri kupigiwa magoti. Na Mghoi alizunguka na sinia la chai, akisubiri kuambiwa yamekwisha. Siku ya kwanza nikasema ni uchovu. Siku ya pili nikasema ni ule urefu wa mlima, hewa ni nyepesi, watu hawana pumzi ya kuzungumza. Mkesha wa Krismasi walikaa pande mbili za meza, chokoleti ya moto inapita, mkate mtamu wa zabibu unapita, na mimi katikati nikimweleza kila mmoja kwa macho kwamba mwenzake yuko karibu kusema. Kitu pekee kilichomtoa nyanya yako neno usiku ule ni sahani ya yule mnyama wao wa sikukuu, mdogo, amechomwa mzima na meno yake. Alimgeuza, akamwangalia pande zote, akasema, "Huyu ni sungura aliyenyimwa masikio." Akala. Akaongezwa. Meza nzima ilipotafsiriwa maneno hayo ilicheka, na Mghoi akacheka, kisha akakumbuka kwamba bado anasubiri, akaacha.

Nilimwona akiacha kucheka, Wakesho. Pale ndipo nilipaswa kusimama na kusema ukweli. Nilijiambia ratiba bado ina siku.

Siku iliyofuata Krismasi ilikuwa ya kupanda ngome, yale magofu ya juu ya mji. Kwa mipango yangu, mimi ningetangulia, nikifika juu ningewaita nyanya yako na Mghoi mbele ya yale mawe makubwa, niseme maneno machache niliyoyaandaa ndani ya ndege. Unajua kilichotokea. Matuta yale ya Wainka yamepanda mlima kama ngazi za jitu, na mimi, mtu wa lifti, sikufika hata nusu. Kichwa kiligonga, nikajilaza juu ya jiwe ambalo nadhani lilikuwa takatifu. Mama Eusebia akabaki nami, akanisugulia majani fulani puani, akanisemesha kwa sauti ya kumsemesha ng'ombe anayezaa. Na nyanya yako, mwenye magoti yale anayoyalalamikia kila Jumapili akienda kanisani, alikunja khanga yake, akasema hii ni njia ya shambani tu, akaendelea kupanda. Mghoi akamfuata asije akaanguka. Wewe ukawafuata wote wawili na chupa ya maji.

Yaliyotokea juu nimesimuliwa na nyinyi watatu, kila mmoja kwa namna yake, ila maneno yenyewe mlikubaliana. Nyanya alikaa chini ya yale mawe, akavuta pumzi, akatazama bonde. Kisha akasema, "Haya, Mghoi. Hapa hakuna watu. Sema ulilotaka kusema."

Shangazi yako akasema, "Mimi? Mama, mimi nakusubiri wewe."

Walitazamana. Uliniambia uliona swali lilelile likipita nyuso zote mbili kwa wakati mmoja.

"Nani alikwambia?"

"Mwakio. Na wewe?"

"Mwakio."

Ukacheka. Uliniambia ulijaribu kukizuia kicheko ukashindwa, ukageukia ukuta. Na nilikuwa nimepanga kukukasirikia kwa hilo, lakini Mghoi anasema kicheko chako ndicho kilichowalegeza. Kama ungelia, anasema, wangelia wote na kuteremka vilevile walivyopanda. Badala yake walianza kuzungumza. Mghoi alimweleza mama yake kwa nini hakumwambia kabla ya ndoa: aliogopa kukatazwa, kwa sababu alijijua, angekatazwa angetii. Na nyanya yako akamjibu neno ambalo nimeishi nalo tangu siku ile. "Ningekataa," alisema. "Kisha ningekubali. Umeninyima yote mawili."

Mimi chini sikujua lolote. Niliwaona tu mkiteremka, nyanya na Mghoi wameshikana mikono, na moyo wangu ukafurahi, nikajisifu kwamba mpango umefanya kazi hata bila mimi. Mlipokaribia nikaziona nyuso zao. Walikuwa wamepatana kabisa, na kitu kilichowapatanisha kilikuwa ni kunitafuta mimi.

"Mwakio, simama," mama akasema.

Nikamwambia siwezi.

"Basi sikiliza ukiwa umelala. Siku nyingine ukitaka nipatane na mwanangu, niambie niende. Usinipeleke."

Hakuongeza neno. Mghoi ndiye aliyeongeza, mengi, kwa Kitaita, na nashukuru hukufundishwa yote.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini tulipofika nyumbani, nyanya yako akasimama kwenye ule uchochoro wenye mfereji wa maji pembeni, akaukataa mlango. Alisema nyumba ile aliingia kwa uongo. Hakuja kama mama wa bibi harusi, alikuja kama mtu anayedai deni, na mwenye nyumba alimpokea bila kujua. Akataka mizigo yetu itolewe nje, yote, hata faili yangu. Mimi kichwa kikiniwanga nikaburuta masanduku juu ya mawe ya Wainka, majirani wakatoka kutazama, watoto wa ndugu zake Julián wakadhani tumefukuzwa, mmoja akaanza kulia. Wewe ulikimbia ndani kumweleza Mama Eusebia, na uliporudi ulikuwa umemfundisha neno moja.

Nyanya akajipanga khanga. Akabisha. "Hodi."

Kutoka ndani tukasikia sauti ya yule mama, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: "Ka-ri-bu."

Mlango ukafunguliwa. Mama yangu hakuingia. Alisimama kizingitini akasema, "Mimi ni mama yake Mghoi. Nimetoka Wundanyi. Nimekuja kuona mwanangu alipoolewa, kama mtanipokea." Ukatafsiri. Hapo ndipo nilipogundua kwamba wewe si mtoto aliyefuatana nasi, wewe ndiye uliyekuwa umeshika pande zote mbili za jambo lile, na hukuongeza neno wala kupunguza. Nilikusikiliza. Sijui Kihispania, lakini kuongeza neno nakujua, ningelitambua.

Mama Eusebia akajibu. Ukatugeukia ukasema, "Anasema amekuwa akijiuliza utakuja lini. Anasema viazi vipo vya kutosha."

Wakakumbatiana. Kofia ya Mama Eusebia ikaangukia mferejini, Julián akaikimbiza.

Baada ya hapo likizo ilikuwa ya furaha tupu, na ratiba yangu ikatumika kuwashia jiko. Kwetu husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa mimi. Nilimenya viazi vya zambarau, vya manjano, vya umbo la kidole, mpaka nikaota navyo, na wale akina mama wawili wakaketi mlangoni wakizungumza siku nzima, huyu Kitaita, huyu lugha yake ya milimani, na sikuwahi kusikia mmoja akimuuliza mwenzake amesema nini. Tulipanda treni kwenda Machu Picchu, sote, tukafika kukiwa na mvua na wingu zito, hatukuona hata ukuta mmoja kwa saa nyingi. Nyanya akasema ukungu anao nyumbani, hakuhitaji ndege kuufuata. Kisha wingu likapasuka kwa muda mfupi, mji mzima ukatokea chini yetu, kijani na kijivu. Wewe ulishika mkono wangu. Ulikuwa hujaushika tangu shule ya msingi.

Ulipoushika ndipo uliponiambia. Ulisema unataka kurudi kusomea mambo ya kale, pale chuoni Cuzco, ukae na shangazi yako wakati unaimarisha lugha. Ulisema kwa sauti ya chini, ukiangalia mbele.

Na mimi, nikiwa nimetoka kupokea somo la maisha juzi yake, nilikujibu nini? Nilikwambia nimekwisha kuzungumza na meneja wangu juu yako, kwamba kuna nafasi mapokezi, kwamba nimemwambia una hamu sana.

"Baba," ukasema, "nilikwambia lini kwamba naitaka hiyo kazi?"

Ulikuwa hujaniambia. Nilikuwa nimekubebea maneno ambayo hukuyasema, kama nilivyombebea Mghoi, kama nilivyombebea mama. Mvua ikarudi, tukashuka, na njia nzima ya kurudi Dubai nilinuna. Ulidhani nimekukasirikia. Nilikuwa najiona.

Nataka ulijue hili kabla hujaondoka. Hizi baraka nilizokupa si za kushindwa. Ilinichukua miezi, ndiyo, na mama yako alinisukuma, lakini nilifika mwenyewe. Asubuhi moja nilikuwa naingia kazini, meneja akaniuliza yule binti yangu ataanza lini, na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hataanza, sir. Nilisema mimi, yeye hakusema. Yeye anakwenda kusomea mawe." Akanitazama. Akasema kwao India ana mtoto anayetaka kuwa mpiga ngoma. Tulisimama pale kwenye zulia la mapokezi tukicheka wazee wawili, wageni wanatusubiri na mabegi yao, na tangu siku hiyo tunaulizana habari zenu.

Sijui mengi ya kukufundisha kuhusu huko uendako. Najua kidogo kuhusu wageni, maana ndiyo kazi yangu. Utakuwa mgeni kwa muda mrefu, Wakesho, na watakuja watu wema watakaotaka kusema kwa niaba yako, kwa sababu lugha ni ngumu, au kwa sababu wanakupenda. Wengine wataongeza. Waache waseme, kisha rudia mwenyewe kwa maneno yako mabovu. Mama Eusebia alipenda lile karibu lililovunjika kuliko hotuba yoyote ambayo ningeitoa juu ya mlima. Na ukichoka, sema umechoka. Mimi nilikaa mwaka mzima wa kwanza hapa nikiwaandikia nyumbani kwamba niko salama, kwa hiyo hakuna aliyejua kunifariji, nikawalaumu kwa kutonifariji.

Nimejizuia kumpigia shangazi yako. Ana maswali juu yako: unapenda chumba cha juu au cha chini, utasaidia kazi za nyumbani au utasoma tu. Alinitumia ujumbe kuniuliza. Vidole viliniwasha, kwa kweli. Nilimjibu akuulize.

Na leo asubuhi, ukiwa bado umelala, nyanya yako alipiga simu. Amekwisha kuamua kwamba Krismasi ijayo anakwenda Ollantaytambo tena, na safari hii anataka kwenda na wanawake wawili wa kwaya yake, kwa sababu hawaamini habari ya sungura. Alitaka nimhakikishie kwamba utawapokea, na utawapandisha kwenye yale mawe, na utakuwa umejua majina yake yote kufikia wakati huo. Neno ndiyo lilikuwa limefika kwenye meno yangu. Unajua lilivyo rahisi kwangu.

Nikamwambia, "Mama, mwenyeji ni Wakesho. Muulize yeye."

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Mwakio," akasema, "sasa umekua."

Nenda salama, mama.

Baba yako